Tuyatunze Maua Yalalayo Chini ya Ardhi

Mwisho wa kiangazi nchi ya Shinyanga haina sura ya kumpendeza mgeni. Majani yamekauka, ng'ombe wamekonda, lambo limebaki tope tupu, na vumbi lainuka nyuma ya kila baiskeli ipitayo. Huko Geita, upande wa Ziwa, hali yafanana na hiyo, ila vumbi lake ni jekundu. Mtu akisimama njiani wakati huo na kutazama huku na huku, husema, "Hapa hakuna kitu kilicho hai." Lakini asema hivyo kwa sababu atazama yaliyo juu tu. Chini ya miguu yake, kadiri ya shubiri moja au mbili, mna mimea iliyo hai kabisa. Imelala usingizi, nayo yangoja siku yake.

Siku hiyo huja ghafula. Mawingu yaanza kukusanyika, joto lazidi, pengine manyunyu machache yameanguka, wala wakulima hawajaanza kupanda. Ndipo utaona shina moja nene likichomoza katika udongo mkavu bila jani hata moja, na baada ya siku chache juu ya shina hilo pana kichwa cha maua mekundu, cha mviringo kama mpira. Hakuna aliyelipanda, wala hakuna aliyelitilia maji. Hilo ni ua la tunguu.

Wanafunzi wangu, katika somo hili nataka kuwapa shauri, nanyi mlipime kwa akili zenu. Shauri langu ni hili: kila shule ya nchi hii iwe na kitalu kimoja cha maua ya matunguu ya nchi yetu wenyewe; na maua hayo yapandwe kwa mbegu, yasiibwe porini. Wako watu watakaocheka shauri hili. Nitawaeleza sababu zangu, kisha nitawajibu wanaocheka.

Kwanza yafaa tujue tunguu ni kitu gani. Chukueni kitunguu cha jikoni mkipasue katikati. Mtaona magamba mengi yaliyofunikana, moja ndani ya jingine, na katikati kabisa mna kichipukizi kidogo. Magamba hayo ni majani yaliyogeuka kuwa ghala. Wakati wa mvua mmea hutengeneza chakula kwa majani yake ya kijani, hukishusha chini na kukiweka akiba katika magamba hayo, kama vile mama zetu wanavyoweka mtama katika kihenge. Jua likizidi, majani hufa. Lakini kihenge kimejaa. Mwezi wa kuchanua ukifika, mmea haungoji kupata chakula kwanza, maana unacho tayari. Kwa sababu hiyo unaweza kutoa ua kabla ya kutoa majani, wakati ambapo mimea mingine bado inaomba maji.

Maua ya namna hiyo ni mengi katika Afrika Mashariki. Lile lenye kichwa chekundu cha mviringo wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Kichwa kile si ua moja. Ni maua madogo mengi yaliyokusanyika, na katika mmea wenye nguvu yanaweza kufika 200. Lipo jingine liitwalo Drimia altissima. Tunguu lake ni kubwa sana, na shina lake la maua huenda likapita kimo cha mtu mzima. Maua yake ni meupe yenye mistari ya kijani, tena hutokea mwisho wa ukame, majani yakiwa hayajaonekana. Yako na maua ya ukoo wa Crinum, meupe yenye mistari ya waridi, yapendayo mbuga za udongo mweusi na kando za vijito. Kwa Kiswahili maua ya jamii hizi mara nyingi huitwa nyinyoro. Jina hili mtalikuta hata katika Biblia.

Tena yako maua mawili ambayo kwa kweli si ya matunguu, bali ni ya viazi, lakini desturi yao ni moja. La kwanza ni Gloriosa superba, ambalo hupanda juu ya vichaka kwa ncha za majani yake, na petali zake nyekundu na za njano zajipinda juu kama ndimi za moto. La pili ni Gladiolus dalenii, lenye maua ya rangi ya chungwa yaliyopangwa juu ya shina moja. Haya huchanua mvua zikiisha kushika. Huenda wengine wenu mmeyapita kila siku mkienda kuchunga, wala hamkuuliza majina yake.

Sasa nieleze sababu zangu.

Sababu ya kwanza ni kwamba maua haya yaweza kupotea, na sisi hatutajua yamepotea lini. Mti ukikatwa, kila mtu huona pengo lake. Lakini tunguu likifa chini ya ardhi, ni nani atakayeliona? Litakosekana mwaka mmoja, na la pili, na watoto watakaozaliwa baadaye hawatajua kwamba palikuwa na kitu.

Kumbukeni mambo yaliyoipata nchi hii. Katika miaka ya 1920 na baadaye, vichaka vingi vya Shinyanga vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o walioua ng'ombe na kuleta ugonjwa wa malale. Kazi hiyo ilikuwa na sababu njema, maana watu na mifugo waliangamia. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, kuni na mkaa vikatafutwa, na mifugo ikawa mingi kuliko malisho. Hata ikafika wakati nchi ikawa wazi, na upepo ukachukua udongo. Ndipo mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, nao uliendelea mpaka mwaka 2004. Mradi ule haukuleta elimu ya kigeni tu. Uliamsha desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kutenga eneo la malisho wakati wa mvua, lisiingiliwe, ili majani yake yaliwe wakati wa kiangazi. Ngitili zikarudi kwa maelfu ya hekta. Miti iliyokuwa visiki ikachipuka, ndege wakarudi, na akina mama wakapata kuni karibu na nyumbani.

Basi, ngitili ni kama nyumba ya maua haya. Ndani yake jembe halipiti, na kivuli kipo. Hata moto ukiunguza majani, joto lake halifiki chini sana, na tunguu hubaki salama. Lakini mtu akiingia na jembe au sururu akang'oa matunguu kumi ili apambe ua wa nyumba yake au ayauze mjini, amefanya kazi ambayo moto, mbuzi na ukame havikuweza kuifanya.

Huko Geita hatari ni ya namna nyingine. Dhahabu ilianza kuchimbwa huko kwa mashine katika miaka ya 1930. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Pamoja na mgodi huo wako wachimbaji wadogo wengi sana, nao ni baba zetu na kaka zetu watafutao riziki. Mimi siwalaumu. Dhahabu imejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini fikirini jinsi shimo linavyochimbwa. Udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, mbegu na matunguu, hutolewa kwanza na kutupwa. Kisha mawe ya chini hutupwa juu yake. Tunguu lililozoea kulala shubiri moja chini ya ardhi likizikwa chini ya rundo la mawe, haliwezi kupanda tena. Hata shimo likifukiwa baadaye, ua halitarudi lenyewe kama hakuna mahali pengine lilipotunzwa. Mahali hapo pa kulitunza, kwa maoni yangu, ni shule.

Sababu ya pili ni maarifa. Maua haya yana dawa na yana sumu, na mara nyingi vyote viwili ni kitu kimoja kilichopimwa kwa vipimo mbalimbali. Gloriosa superba lina kitu kiitwacho kolchisini. Mtu akila kiazi chake aweza kufa. Lakini waganga wa hospitali hutumia kipimo kidogo sana cha kolchisini kutibu ugonjwa wa jongo, unaovimbisha viungo. Katika jimbo la Tamil Nadu, huko India, wakulima hulima ua hilihili katika mashamba yao na kuuza mbegu zake kwa watengenezaji wa dawa. Huku kwetu laota bure kichakani, na mchungaji alifyeka kwa fimbo.

Chukueni mfano mwingine. Ulaya na Asia ya Magharibi kuna ua dogo jeupe liitwalo Galanthus. Tunguu lake si kubwa kuliko ncha ya kidole, nalo huchanua mwisho wa majira ya baridi, pengine theluji ikiwa bado chini. Katika miaka ya 1950 wataalamu walitoa katika mimea ya ukoo huo dawa iitwayo galantamini, na siku hizi dawa hiyo hupewa wazee wenye ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Galanthus na Scadoxus yetu ni wa ukoo mmoja mkubwa. Ni nani ajuaye kilichomo katika mimea yetu, nasi hatujaichungua yote? Mtu hawezi kuchungua kitu kilichokwisha kupotea.

Sababu ya tatu ni subira. Mahindi hupandwa na kuvunwa mwaka uleule, na mchicha huchumwa baada ya majuma machache. Lakini mbegu ya Scadoxus iliyopandwa leo itatoa jani moja dogo mwaka wa kwanza, na majani mawili au matatu miaka ifuatayo. Kwa kawaida itapita miaka mitatu au zaidi kabla hujaona ua. Kwa hiyo mtoto wa darasa la nne akipanda mbegu, huenda akaliona ua lake katika mwaka wake wa mwisho wa shule. Na huenda asilione, bali likaonwa na mdogo wake. Nasema kwamba jambo hili si hasara. Wazee walioanzisha ngitili hawakuketi chini ya vivuli vyote tuketivyo sisi. Mtoto aliyejifunza kuangalia kitalu kimoja miaka mitatu, bila kuchimbua kila juma ili aone kama mbegu imeota, amejifunza jambo ambalo halimo katika hesabu wala katika sarufi. Subira yavuta heri.

Sasa niwajibu wanaocheka.

Wa kwanza asema, "Mwalimu, maua hayaliwi. Watoto wana njaa, nawe wapanda maua?" Neno hili ni zito, nami silidharau. Shule isiyo na mihogo, viazi na mboga isianze na maua. Lakini kitalu ninachokitaka ni kidogo, hatua tatu kwa hatua mbili. Hakiwezi kumnyima mtu yeyote chakula chake. Tena mwanadamu hali chakula tu. Mbona mama husiliba ukuta wa nyumba na kuupamba kwa udongo wa rangi, na hali nyumba isiyopambwa huzuia mvua vilevile? Mbona vijana wetu hucheza ngoma baada ya mavuno? Kinachopendeza macho na moyo kina kazi yake.

Wa pili asema, "Maji ni haba. Kiangazi twatembea mbali kutafuta maji ya kunywa. Tutapata wapi ya maua?" Huyu ndiye ninayemjibu kwa furaha. Shule nyingi zimepanda mawaridi mbele ya ofisi, zikayazungushia mawe yaliyopakwa chokaa, na kila jioni wanafunzi hubeba ndoo za maji. Na bado mwezi wa Septemba mawaridi yamekauka. Maua ya matunguu yetu hayataki maji wakati wa kiangazi. Ukiyamwagilia mwaka mzima, yataoza! Maji yake ni ya mvua, na usingizi wake ni wa lazima. Je, si jambo la busara kupanda katika nchi kavu mmea uliozaliwa kwa ajili ya nchi kavu? Wazee wasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Wa tatu asema, "Hayo ni majani ya porini tu, maua mazuri hutoka Ulaya." Huyu hajui habari za dunia. Maua ya gladiola yanayouzwa katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani yalitokana na kuchanganya jamii kadhaa za mimea ya Afrika, na Gladiolus dalenii ni mmoja wa wazee wake. Wageni waliona uzuri wa mmea wa mbuga zetu, wakauchukua, wakaulea, na leo sisi twaununua katika picha za kalenda.

Tena nawakumbusha habari ya almasi ya Mwadui. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi huko Mwadui, katika nchi hii ya Shinyanga. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimtolea zawadi Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa mwaka uleule na baadaye akawa malkia. Almasi ile ilichongwa London ikawa karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier waliitia katika pambo la kifuani. Je, waliipa umbo gani? Waliifanya kiini cha ua la jamii ya narsisi, nalo ni ua la tunguu, lichanualo Ulaya baridi inapokwisha. Basi, jiwe la thamani la Shinyanga lilipotafutiwa umbo la kulitukuza, lilipewa umbo la ua la tunguu. Na ua la kweli lina jambo moja kuliko lile la almasi: lanyauka baada ya siku chache, lakini tunguu lake litachanua tena mwaka ujao, na kuzaa watoto pembeni. Almasi haizai.

Hata hivyo, nataka kuwaonya pia upande wa pili. Mtu aweza kupenda maua kwa upumbavu. Huko Uholanzi, karne ya 17, watu walishikwa na tamaa ya matunguu ya maua yaitwayo tulipu, yaliyotoka nchi ya Waturuki. Bei ikapanda mpaka tunguu moja la namna ya pekee likawa na thamani ya nyumba. Watu walinunua matunguu ambayo hawakuyaona, wakitumaini kuyauza kesho kwa bei kubwa zaidi. Mwezi wa Februari mwaka 1637 wanunuzi wakakosekana, na bei ikaanguka ghafula. Hata katika siku zetu, mwaka 2015, tunguu moja la Galanthus lenye rangi isiyo ya kawaida liliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 1,000. Tamaa ya namna hiyo huwafanya wezi waingie porini na mifuko. Galanthus ya porini ilichimbwa mno, mpaka mataifa yakaitia katika mkataba wa CITES, uliofanywa mwaka 1973 kuzuia biashara inayoangamiza wanyama na mimea. Kwa hiyo sisemi tupande ili tuuze kwa bei ya ajabu. Nasema tupande ili yasipotee. Kama siku moja shule itakuwa na miche mingi, ikauza michache na kununua vitabu, hiyo ni faida ya halali.

Sasa yafaa nieleze jinsi ya kufanya, maana shauri lisilo na njia ni kelele.

Tafuteni mbegu, msitafute matunguu. Kichwa cha Scadoxus kikiisha kunyauka, hutoa matunda madogo mekundu. Yakiiva kabisa, ombeni ruhusa kwa wenye ngitili, mchume machache, na mengine muwaachie ndege na ardhi. Ondoeni nyama ya tunda, mwoshe mbegu, mkazipande mara moja, kwa kuwa mbegu hizi ni za majimaji na zikikauka hufa. Msizizike sana; zilazeni juu ya udongo laini uliochanganywa na mchanga na mbolea ya majani yaliyooza, kisha zifunikeni kidogo tu. Kitalu kiwe chini ya mti, mahali pa kivuli chepesi, tena pasipotuama maji. Mvua zikiwa haba, nyunyizieni. Majani yakianza kuwa ya njano, acheni kabisa kunyunyizia, wala msiyakate yakiwa mabichi. Wakati huo mmea washusha chakula chake ghalani. Zungusheni miiba, kuku wasiparue. Kiangazi chote wekeni kijiti chenye jina la mmea, ili mtu asilime juu yake akidhani hapana kitu. Mwangalieni na fuko na nungu, maana wachimbao ardhi hupenda baadhi ya matunguu.

Iko hali moja tu ambayo naona ni halali kuchimbua tunguu la porini: pale ambapo jembe, nyumba au barabara vitapita kwa hakika, na mwenye mahali amekubali. Hapo kulihamisha tunguu ni kuliokoa. Kazi hiyo wafanye wakubwa, baada ya majani kukauka, na kwa uangalifu ili mizizi isikatwe. Mtoto yeyote asikaribie mashimo ya wachimbaji kwa kisingizio cha kutafuta maua. Mashimo hayo huporomoka, na hakuna ua lenye thamani ya uhai wa mtoto.

Tena shikeni sana neno hili: msionje. Matunguu haya yafanana na kitunguu cha jikoni, lakini karibu yote yana sumu. Katika sehemu mbalimbali za Afrika watu wa kale walitumia baadhi yake kutia sumu katika mishale na kuvulia samaki. Mkiisha kuyashika, nawieni mikono kwa sabuni. Kitalu kiwe mbali na bustani ya mboga, asije mpishi akakosea, na wadogo zenu waambieni waziwazi.

Nimemaliza sababu zangu. Mwaweza kuona kwamba sikuomba jambo kubwa: kitalu kidogo, mbegu chache, miiba ya kuzungushia, na watoto wasiochoka. Serikali haihitaji kutoa fedha, wala hatuhitaji kungoja mgeni aje kutufundisha. Wazee wetu waliweza kuirudisha miti ya Shinyanga kwa kukubaliana tu kwamba mahali fulani pasiguswe kwa muda. Sisi, katika uwanja wa shule, twaweza kukubaliana juu ya hatua tatu kwa mbili.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvua za kwanza zikikaribia mwaka huu, mtakapokuwa njiani kwenda shule, inameni mtazame chini ya vichaka. Mkiona shina lisilo na jani likichomoza, msilipige kwa fimbo. Simameni mlihesabu maua yake, mwandike siku na mahali, mje mniambie.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ua la tunguu laweza kuchanua kabla ya mvua kushika, na mahindi hayawezi?
2. Ngitili ni nini, nayo yasaidiaje maua haya?
3. Mwandishi asema kwamba hawalaumu wachimbaji wa dhahabu. Je, wewe wakubaliana naye? Toa sababu zako.
4. Kuna tofauti gani kati ya kuchuma mbegu na kung'oa tunguu?
5. Waulize babu au bibi nyumbani: ni maua gani waliyoyaona utotoni mwisho wa kiangazi, ambayo hawayaoni siku hizi? Andika majina yake kwa lugha ya nyumbani, uyalete shuleni.